Msamaha, Deni na Shamba: Uhakiki wa Tafakari za Kikristo za Kiswahili katika Mwambao wa Rumonge

Tafakari ya Kikristo kwa Kiswahili ni utanzu mfupi ambao kanuni zake hazihitaji kufundishwa. Huanza na tukio dogo: mbuzi wa jirani ameingia shambani, mchuuzi amepunja kipimo cha mawese, ndugu wawili hawasalimiani kwa sababu ya maneno ya msibani. Kisha hutajwa kifungu cha Maandiko, aliyekosewa husamehe, na sala hufunga. Katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, Kizuka na Rumonge hadi Nyanza-Lac, utanzu huu una wasikilizaji wa aina ya pekee. Kiswahili huko si lugha ya wavuvi wa dagaa na wafanyabiashara wa mawese peke yao. Ni pia lugha ya familia zilizokulia Ulyankulu, Katumba na Mishamo nchini Tanzania, ambazo watoto wao walisomea Kiswahili kabla ya kurudi. Makala haya yanahoji udogo wa tukio linalochaguliwa. Mbuzi anapowakilisha kosa, ni kosa gani linaloachwa nje?

Linaloachwa nje ni ardhi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza katika mwambao huo huo, na raia wengi, hasa Watutsi, waliuawa. Kisasi cha jeshi kikaenea nchi nzima na kuwalenga Wahutu. Makadirio ya waliouawa hutofautiana kati ya 100,000 na 300,000. Waliokimbia waliacha mashamba, na mengi yaligawiwa wengine, mara nyingi kwa mkono wa Serikali yenyewe. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ikampa aliyeikalia ardhi kwa miaka 30, au 15 akiwa na nia njema, nafasi ya kudai umiliki. Hivyo anayerudi na anayelima wote wawili wana maneno ya kusema, na wote wawili hukaa benchi moja kanisani.

Hapo ndipo msamiati wa tafakari unapopaswa kuchunguzwa. Kirundi husema *kubabarira*, kitenzi kilichotokana na *kubabara*, yaani kuumia. Anayesamehe huumia kwa ajili ya mwingine. Kiswahili husema *kusamehe*, neno linalotumika pia kwa deni na kodi: anayedai huacha kudai. Sala ya Bwana katika Injili ya Mathayo, kwa tafsiri ya Kiswahili ya Union, huliweka neno *deni* waziwazi. Kwa msikilizaji wa Kizuka ambaye shauri lake la shamba halijaamuliwa, kuambiwa asamehe kunaweza kusikika kuwa ni kuambiwa afute dai. Kuna pia *radhi*, ambayo huombwa na aliyekosa na hukamilika pale moyo wa aliyekosewa unaporidhika. Tafakari hulitumia neno hilo kana kwamba ni kisawe cha msamaha, na tofauti hiyo yenye thamani kubwa hupotea.

Utata wa *haki* na *fidia* ni mkubwa zaidi. Mimbarini, haki ni uadilifu wa mtu mbele za Mungu, na fidia ni kazi ya Kristo msalabani. Katika ofisi ya ardhi, haki ni stahili na fidia ni malipo. Mambo haya mawili hayakuwa mbalimbali kwa wahusika wake pia. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo (CNTB), iliyoundwa mwaka 2006, iliongozwa kwanza na Padri Astère Kana, ambaye tume yake ilielekea kuwagawia shamba moja pande zote mbili, kisha na Monsinyori Sérapion Bambonanire, ambaye chini yake mkazo ulihamia kwenye kuwarudishia waliorejea mali yao yote. Mapadri wawili, Injili moja, hukumu mbili. Mshauri wa sera anayedhani kwamba “mafundisho ya Kanisa juu ya msamaha” yana jibu moja kuhusu ardhi angepaswa kutua hapa kidogo.

Mifano mikubwa nayo hupunguzwa ikiingizwa katika utanzu huu. Tarehe 30 Aprili 1997, washambuliaji waliingia Seminari ya Buta, Bururi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa, na 40 wakauawa. Padri Zacharie Bukuru, aliyekuwa gombera wao, aliandika kitabu juu yao kwa Kifaransa. Buta ikisimuliwa kuwa kisa cha msamaha pekee, kiini chake hupotea: tendo la vijana wale lilitangulia kosa. Hawakumpa muuaji orodha aliyoitaka.

Padri Michel Kayoya naye husomwa kinyumenyume. *Sur les traces de mon père* (1968) ni tafakari juu ya baba, nyumba na maadili ya Burundi, naye aliuawa Mei 1972. Msomaji anayetafuta humo somo la kuwasamehe wauaji analipeleka yeye mwenyewe. Tangu Juni 2019 Kanisa Katoliki limemweka katika mchakato mmoja wa kutangazwa wenye heri pamoja na wale 40 na wamisionari watatu Waitaliano waliouawa Buyengero, milimani juu ya Rumonge, mwaka 1995. Uamuzi huo unaeleweka kikanisa. Kifasihi, unalazimisha kitabu kisomwe kwa mwanga wa kifo cha mwandishi, na ule utulivu wa Kayoya katika mambo ya nyumbani, ambao ndio ubora wake, hauonekani.

Ingewezekana kupendekeza Zakayo wa Injili ya Luka, aliyeahidi kurudisha mara nne, awe kielelezo bora kuliko mbuzi. Kielelezo hicho kinafaa kwa kiasi, kwa kuwa kinaweka kurudisha ndani ya toba. Lakini mkulima wa Rumonge aliyegawiwa shamba mwaka 1974 na kulipanda michikichi si mtoza ushuru aliyepunja watu. Aliyegawa ndiye mdeni, naye ni dola. Utanzu uliozoea majirani wawili na ua mmoja haujamtengea mhusika huyo nafasi.