Pumzi Ambayo Vivaldi Hakuiandika

Mtu anayegeuza nota kwa penseli na rula, mstari kwa mstari, ni wa kutafutwa siku hizi mjini Morogoro. Namfahamu mmoja, mzee wa matarumbeta aliyepiga besi kanisani tangu ujana wake. Nilimkuta barazani asubuhi moja, ukungu umeufunika mlima Lupanga, akinakili koncheto ya Antonio Vivaldi ya basuni, lile zumari nene la Ulaya, ili ipate kupigwa kwa tuba, lile tarumbeta kubwa la besi. Karatasi alichapishiwa na mjukuu wake kwenye duka la steshenari, zikitoka IMSLP, maktaba ya bure ya nota iliyopo kwenye intaneti tangu 2006.

Vivaldi alifariki mwaka 1741. Tuba ilipata hataza Berlin mwaka 1835, kazi ya Wilhelm Wieprecht na Johann Gottfried Moritz. Mabwana wa zama za Baroki hawakuiandikia hata mstari mmoja, na koncheto ya Ralph Vaughan Williams, iliyoipa tuba heshima ya kusimama mbele ya okestra, haikusikika hadi 1954. Anayetaka kuonja utamu wa zama zile kwa chombo hiki hana budi kuazima. Na kuazima kuna wenyewe: Johann Sebastian Bach alichukua koncheto ya Vivaldi ya violini nne, iliyochapishwa mwaka 1711, akaigeuza kuwa ya hapsikodi nne. Kama Bach hakuona haya, sioni kwa nini mpiga besi wa Uluguru aone.

Ila kuazima kwenyewe ndiko kwenye kazi. Mzee aliichagua basuni kwa sababu Vivaldi aliiandikia koncheto zaidi ya 30, na kwa sababu sauti yake inakaa chini, jirani na tuba. Lakini basuni hupulizwa kwa utete mwembamba, na pumzi moja huenda nayo mbali. Tuba humaliza kifua kizima kabla sentensi ya muziki haijafika katikati. “Huyu bwana hakunifikiria, mwanangu,” alisema huku akionyesha kwa penseli msururu wa nota za haraka usiokuwa na upenyo. Basi humtafutia Vivaldi mahali pa kupumua. Huimba mstari kwa solfa huku akipanda taratibu njia ya Morningside, kwa kuwa mlimani kifua hakidanganyi. Panapomkatikia ndipo anaposimama na kuangalia: je, ipo hapa nota ambayo sikio halitaikosa? Akiipata, huifuta na kuweka juu yake alama ndogo kama mkato. Asipoipata, hurudi nyuma, huigawa sentensi upya, kisha huanza tena kupanda. Nimeuona ukurasa mmoja uliofutwa mpaka karatasi ikatoboka, na alama ya pumzi iliyobaki hapo ilikuwa moja tu. Ukisikia kipande hicho kikipigwa hutaijua. Utadhani Vivaldi ndiye aliyeiweka.

Kuna fumbo jingine. Mzee amelelewa katika desturi ya matarumbeta iliyoletwa na wamisionari wa Kijerumani, ambamo sauti nne za kitabu cha nyimbo hugawiwa wapigaji vilevile zilivyo. Besi husoma sauti ya nne, na wengine wote hujenga juu yake. Sasa mwenye msingi akipewa wimbo, nani atabaki chini? Tuba ikizama kuliko besi inayoisindikiza, kodi zote, yaani sauti zinazolia pamoja, hubadilika sura, na muziki uliokuwa mwangavu hugeuka matope. Yeye huipa tromboni mstari wa chini, halafu hupunguza sauti za katikati hadi tuba ipate nafasi ya kutembea.

Mji huu uliwahi kuwa na masikio ya namna hiyo. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyetutoka mwaka 1965, alizisikia nyimbo za Kuba kwenye santuri akazileta kwenye magitaa na Kiswahili cha Morogoro. Hakuzibandika tu. Alikaa nazo mpaka zikawa za hapa.

Leo ipo programu inayoshusha koncheto nzima kwa kubonyeza kitufe. Nota zote hutoka sahihi, na hakuna hata moja inayopumulika. Vijana huichapisha vivyo hivyo, hushindwa kuipiga, kisha husema tuba ni chombo kizito kisichofaa kuimba. Katika harusi zetu matarumbeta bado yanavuma juu ya magari, nami nayapenda, lakini kijana wa besi hupewa nota mbili tatu azirudie mpaka ukumbini. Na makanisani kinanda kimoja chenye kitufe cha besi kimezipeleka tuba stoo, pistoni zikaganda kwa kukosa mafuta. Tumeyakubali haya bila hata kikao.

Mzee ana rundo la madaftari: Vivaldi, Händel, vipande vya Bach alivyovigeuza kwa ajili ya tuba moja na tromboni. Mengi hayajawahi kupigwa mbele ya watu. Anatafuta kijana mmoja anayesoma ufunguo wa besi, amwonyeshe alama zile ndogo alivyozipata. Wanaokuja huuliza kwanza kama anafundisha kinanda.