Shingo Kwanza: Kuchagua Gitaa la Besi kwa Pesa ya Wastani

Muuzaji wa ala za muziki hukushikisha kwanza gitaa linalong'aa. Lipokee, kisha kamata kichwa chake, lipeleke usawa wa jicho, funga jicho la pili na uchungulie shingo yote hadi inapoingia kwenye mwili, kama seremala anavyochungulia ubao kabla ya kuupiga randa. Rangi utaizoea ndani ya wiki moja. Shingo utaishika kila usiku kwa miaka.

Besi yangu ya kwanza niliichagua kwa rangi. Ilikuwa nyekundu, na nilipoipeleka kwa fundi aliitazama mara moja tu. Shingo ilikuwa imejisokota kama taulo linalokamuliwa: upande wa uzi mnene umepanda, upande wa uzi mwembamba umeshuka. Akaniambia hakuna alenki itakayoinyoosha. Pesa ile niliichanga kwa miezi mingi ya kupiga kwenye harusi, na ndiyo maana nasisitiza jambo hili kabla ya lingine lolote. Pikapu mbovu hubadilishwa. Funguo za kukazia nyuzi hubadilishwa, daraja la nyuzi hubadilishwa, waya huchomelewa upya. Shingo mpya yenye ubora inaweza kula nusu ya bei ya gitaa zima la daraja hili, na hapo umelipia gitaa moja na nusu ili upate moja.

Ninaposema bei ya wastani nina maana ya gitaa ambalo jipya linauzwa kati ya dola 300 na 600. Humo utakutana na Squier za Classic Vibe, Yamaha za TRBX, Ibanez za SR za ngazi ya chini, na Sire zilizobuniwa pamoja na mpigaji Marcus Miller. Mengi hutengenezwa Indonesia na China, na yanatengenezwa vizuri. Tatizo ni kwamba kwa bei hii kiwanda hakina muda wa kukaa na kila gitaa. Magitaa mawili ya modeli moja, yaliyotoka kwenye maboksi yanayofuatana, yanaweza kutofautiana kabisa mkononi. Kwa hiyo usiseme "nataka Yamaha". Sema unataka hii uliyoishika, baada ya kuikagua.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji kifaa. Kupinda kidogo kwa urefu si kasoro, kwani uzi unapotikisika unahitaji nafasi katikati. Kandamiza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa kidole cha kushoto, na kwenye freti ya mwisho kwa kidole cha kulia. Uzi sasa ni rula. Tazama kwenye freti ya 7 au ya 8: pengo kati ya uzi na freti liwe la kupitisha vocha ya kukwangua, si zaidi sana. Rudia kwa uzi mwembamba. Mapengo mawili yakikaribiana, shingo haijajisokota. Yakiwa makubwa kwa pamoja, chuma kirefu kilichofichwa ndani ya shingo kitarekebisha, maadamu bado kinazunguka. Kwa gitaa lililotumika, mwombe muuzaji akizungushe robo mzunguko mbele yako. Akikataa katakata, rudisha gitaa mahali pake.

Kisha pitisha kiganja kwenye kingo za shingo. Freti zikikukwaruza, mbao imekauka na kusinyaa wakati chuma kimebaki na urefu wake. Hilo ni la kawaida kwa gitaa lililohama kutoka mahali penye unyevu kwenda pakavu, na fundi mwenye tupa nzuri humaliza kazi hiyo kwa muda mfupi. Pwani ugonjwa ni mwingine: kutu. Angalia skrubu ndogondogo za daraja la nyuzi, kwa sababu zikiganda hutaweza kurekebisha urefu wa uzi wala usahihi wa sauti.

Sasa kaa chini, na usiunganishe na spika. Muuzaji atataka kuwasha amplifaya na kukufungulia besi hadi kifua kitikisike. Mshukuru, mwambie asubiri. Amplifaya nzuri huficha mengi. Bila umeme, weka pembe ya juu ya mwili karibu na sikio na upige noti moja moja, freti kwa freti, kwenye nyuzi zote nne, kwa nguvu ileile. Ukipiga taratibu zitakuchukua dakika kumi, na ndizo dakika zenye thamani kuliko zote utakazokaa dukani. Unasikiliza kama kila noti inaishi muda sawa na jirani yake. Ipo itakayozaliwa na kufa papo hapo, kama mtu aliyezibwa mdomo. Mara nyingi utaikuta kwenye uzi wa G, kati ya freti ya 5 na ya 7, hata kwenye magitaa ya bei mbaya, kwa kuwa shingo yenyewe hutikisika na kumeza nguvu ya uzi. Ikiwa imefifia kidogo tu, unaweza kuishi nayo. Ikiwa imekufa, au ziko tatu, usilichukue.

Kwa nini naling'ang'ania hili? Kwa sababu ya kazi ambayo besi hufanya kwenye muziki wetu. Sikiliza rekodi za bendi za dansi kama DDC Mlimani Park au Orchestra Maquis. Besi haitembei mfululizo. Inadunda, inakatika, inaacha pengo, halafu inarudi pale mchezaji alipoinua mguu. Muziki wa namna hii unategemea kila noti ianze kwa uwazi na kusimama pale unapoiambia isimame. Noti moja dhaifu katikati ya mzunguko unaorudiwa mara mia, na wacheza dansi wanajikwaa bila kujua nini kimewakwaza. Leo Fender alipotoa besi yake ya kwanza mwaka 1951 huko Fullerton, California, aliiita Precision kwa sababu freti zilimpa mpigaji usahihi ambao kontrabasi isiyo na freti ilimdai kwa miaka ya mazoezi. Ahadi hiyo ndiyo unayoikagua kwa masikio yako.

Kagua pia kwenye freti ya 12. Gusa uzi juu yake bila kukandamiza, upate ule mlio mwembamba kama kengele, kisha kandamiza hapohapo na upige tena. Sauti mbili zilingane. Zikitofautiana kidogo, skrubu za daraja zitarekebisha.

Baada ya hapo washa umeme. Zungusha vitufe vyote taratibu. Mkwaruzo ni vumbi tu, lakini sauti inayokatika unapotikisa waya kwenye tundu lake inakupa haki ya kupunguziwa bei. Kuhusu maumbo mawili makuu, Precision na Jazz iliyofuata mwaka 1960, nina upande wangu. Jazz ina shingo nyembamba pale kichwani, kama milimita 38, na vidole vifupi huipenda. Pikapu zake mbili hukupa sauti nyingi, ila ukipunguza moja huanza kuvuma karibu na taa na nyaya za ukumbini. Precision ina shingo nene kidogo na pikapu iliyogawanywa vipande viwili tangu 1957, haivumi, na sauti yake hukaa katikati ya magitaa na kinanda bila kugombana navyo. James Jamerson alipiga nyimbo za Motown huko Detroit kwa Precision ya 1962 na nyuzi laini ambazo hakuzibadilisha ovyo. Mtu mwenye pesa ya gitaa moja tu, nampa Precision.

Wapigaji wa makanisani wataniuliza kuhusu nyuzi tano. Uzi wa B ulio chini ya E hutikisika takriban mara 31 kwa sekunde, na ili usikike kama noti badala ya ngurumo unahitaji shingo ngumu na kazi safi. Ndiyo sehemu ambayo viwanda vya bei hii huteleza mara nyingi. Ukiona B imelegea na haina mwanzo, chukua ya nyuzi nne, na tofauti ya bei iweke mfukoni.

Besi zenye betri ya volti 9 ndani ni nzuri, mradi kuwe na swichi ya kuizima na kubaki na sauti ya kawaida, maana betri huisha katikati ya wimbo wa bwana harusi. Na uchomoe waya ukimaliza kupiga: kwenye magitaa mengi ya aina hii waya ukiwa umechomekwa ndipo betri inapotumika.

Mwisho wa ukaguzi, livae kwa mkanda, simama, uachie mikono yote miwili. Kichwa kikianguka kuelekea sakafuni, mkono wako wa kushoto utakibeba usiku kucha badala ya kupiga. Uzito wa kilo 4 ni wa kawaida. Likizidi kilo 4 na nusu, fikiria saa tano za ukumbini kabla hujalipa. Aina ya mbao ya mwili, ambayo watu hubishana nayo sana, kwa bei hii sijawahi kuiruhusu iamue.

Usimalize pesa zote kwenye gitaa. Bakiza ya nyuzi mpya, za kipimo cha 45 hadi 105, waya imara, na fundi wa kurekebisha shingo na kimo cha nyuzi. Mpelekee siku hiyohiyo, kaa naye akifanya kazi, umwonyeshe noti ile iliyofifia kwenye uzi wa G.