Kichekesho Kinakaa Mguuni: Beni Ilivyoligeuza Gwaride

Aprili 1916 wapanda farasi wa Jenerali Jacob van Deventer wa jeshi la Mwingereza walipita Ufiome, chini ya mlima ambao sisi wa Babati tunauita Kwaraa, wakienda kuiteka Kondoa Irangi. Vita ile ya Kwanza ya Dunia iliwazoa Waafrika wengi mno, wapagazi na askari, wa upande wa Mjerumani na wa Mwingereza. Wapagazi waliopona walirudi na makovu ya mizigo. Walioshika bunduki walirudi pia na kitu kingine mwilini: gwaride. Mtu aliyepigiwa kelele za "mguu sawa" na "nyuma geuka" kutwa nzima, miezi na miezi, hasahau. Ndiyo maana baada ya 1918 ngoma ya beni, iliyojengwa juu ya mwendo wa bendi ya jeshi, ilienea bara kwa kasi kubwa.

Yenyewe haikuzaliwa vitani. Lamu na Mombasa walikuwa wakiicheza tangu miaka ya 1890, mtaa ukishindana na mtaa kwa mavazi, karamu na tarumbeta. Baadaye Marini na Arinoti, vyama viwili vilivyopata umaarufu kuliko vyote, vilifungua matawi mji kwa mji, kila tawi na vyeo vyake: Kingi, gavana, jenerali, daktari. Wapelelezi wa Kiingereza waliingiwa na hofu kwamba huo ni mtandao wa njama. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeichapishia beni kitabu kizima mwaka 1975, alionesha kwamba wachezaji hawakuwa wakimwiga Mzungu kijinga tu, wala kumkejeli tu. Nakubaliana naye, na ushahidi ninaouamini zaidi ni namna ngoma yenyewe inavyojengwa.

Tuanze na ngoma kubwa. Katika gwaride la Kiingereza mwendo wa haraka ni kama hatua 120 kwa dakika, na ngoma kubwa ndiyo inayouambia mguu wa kushoto ukanyage lini. Mpigaji akiteleza, kikosi kizima kinavurugika. Anayetaka kuchekesha hudhani basi kwamba njia nyepesi ni kumvuruga mpigaji huyo. Ni kosa kubwa. Ngoma ikiyumba, mtazamaji hana tena kipimo cha kumwonesha kwamba mchezaji amekosea kwa makusudi, na anachokiona ni bendi mbovu. Beni iliiacha ngoma kubwa iwe nzito na ya uhakika, mizaha ikapelekwa kwingine: mguu unaochelewa kidogo kisha ukatua kwa madaha, bega linalozunguka pale lilipotakiwa kukakamaa, saluti inayopigwa kwa heshima iliyopitiliza. Juu ya pigo hilo la askari zikapandishwa ngoma ndogo zenye midundo ya nyumbani, mwili ukawa unasikia amri mbili kwa wakati mmoja. Anayeweza kuzitii zote mbili ni fundi, na watu humcheka kwa furaha kwa sababu wanauona ufundi wake.

Ziwa Nyasa walikwenda mbali zaidi. Katika mganda, ngoma ya ukoo mmoja na beni, wachezaji hupanga mistari iliyonyooka, wamevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, lakini ala za shaba hawana. Wana vibuyu vya ukubwa tofauti, kila kimoja na tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Mtu hakipulizi kibuyu. Anaimba ndani yake, utando unatetemeka, na sauti inatoka na mkwaruzo kama wa tarumbeta. Vibuyu vikubwa hushika sauti za chini, vidogo za juu, na bendi nzima ya jeshi inapatikana kutoka shambani. Kwangu hiki ndicho kilele cha sanaa hii. Utani umo ndani ya sauti yenyewe kabla mtu hajacheza hatua moja, na bado hatua zinapaswa kuwa safi kabisa.

Mavazi yana kanuni yake. Mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliiona kalela, ngoma nyingine ya ukoo huohuo, kule Luanshya, Zambia ya leo, mwaka 1951, ikipigwa kwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi za ng'ombe. Wachezaji walivaa nadhifu, na katikati yao alikuwamo "daktari" mwenye joho jeupe na msalaba mwekundu, pamoja na "nesi" aliyepita na kioo na leso ili kila mmoja ajitazame na kujifuta. Hakuna aliyejipaka masizi wala kuvaa matambara. Kichekesho kilikuwa katika ukamilifu: vyeo vya hospitali vimetimizwa kwa makini pasipo na mgonjwa hata mmoja.

Zanzibar beni bado iko hai harusini na mitaani. Tarumbeta moja au mbili, tromboni, ngoma na vya kugonga, na viitikio vya taarabu zinazovuma vimeunganishwa kimoja baada ya kingine. Wanawake wanaitikia na kucheza. Hapa gwaride limebaki mifupa tu, na kila mtu anaruhusiwa kuingia mstarini. Tofauti hiyo inabadili kazi ya mpigaji: hawezi tena kutegemea nidhamu ya safu, hivyo lazima pigo lake liwe wazi kiasi cha mgeni wa harusi kulidaka papo hapo.

Hapa Babati tuliona safu za halaiki katika Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, 14 Oktoba 2023, mbio za Mwenge wa Uhuru zilipofikia kilele chake. Vijana wetu wanajua kunyooka. Harusi zetu nazo hutanguliwa na matarumbeta juu ya gari. Kati ya nidhamu ya uwanjani na uchangamfu wa barabarani kuna nafasi ambayo mganda na kalela ziliijaza, na bendi za shule zetu zinaweza kuijaza pia. Mwalimu atakayethubutu amchague kwanza mpiga ngoma kubwa, amfundishe kushika mwendo mmoja huku wenzake wakimchekesha usoni, na asimruhusu mchekeshaji yeyote kuingia safuni mpaka mpigaji huyo amalize wimbo mzima bila kukimbiza wala kuchelewesha pigo.