Chombo Kisichoonja Maji

Juu ya sitaha za vimashua vya kuchezea vya Star Yachts, vilivyoundwa Birkenhead, Uingereza, katika karne ya 20, palipigwa muhuri wenye ahadi fupi: chombo hiki kina dhamana ya kwenda kwa tanga. Birkenhead ni mji wa waunda meli, ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool, na huko ahadi ya namna hiyo haikuwa mzaha hata kwa chombo cha kupakatwa na mtoto.

Leo vimashua hivyo hutafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale. Wao hutazama kwanza rangi ya awali, tanga lisilobadilishwa na sanduku kilimouzwa. Aghalabu kile ambacho hakikupata kuonja maji ndicho hupanda bei, na chenye mikwaruzo hushushwa. Hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Kimashua cha tanga si sanamu. Chini ya mkuku kimetiwa madini mazito yawe farumu yake, ili upepo ukikilaza kiinuke tena. Katika vile vikubwa vya mashindano, kamba ya demani iliungwa na usukani. Upepo ukizidi, tanga lenyewe huvuta usukani na kukirudisha chombo njiani bila ya nahodha. Hekima yote hiyo haionekani kabatini. Yataka upepo uisome.

Katika bustani ya Luxembourg, mjini Paris, ukodishaji wa vimashua ulianza 1927. Watoto wakavisukuma kwa fimbo, vikagongana, vikakarabatiwa, vikarudi majini. Kwa mizani ya mkusanyaji, hivyo vimeharibika. Kwa mizani yangu, hivyo ndivyo vilivyotimiza ahadi.

Mwandishi wa Marekani, E. B. White, aliliona jambo hili. Katika kitabu chake Stuart Little cha 1945, shujaa mdogo aliye mfano wa panya anaongoza kimashua kiitwacho Wasp katika bwawa la Central Park, New York. White hakuishia kusimulia uzuri wake. Alikiletea dhoruba, kisha mfuko wa karatasi ukakinasa. Tunakipenda chombo kile kwa kuwa kilikuwa hatarini.

Nisiwadhulumu wakusanyaji. Lau si wao, vingi vingelikwisha kuliwa na wadudu, na majina ya waundaji yangelisahauliwa. Shukrani zao ni haki yao. Lakini kuhifadhi ni jambo moja na kuhukumu ni jingine. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa chombo cha tanga methali hiyo hupinduka, maana kisichotembea hakijauthibitisha uzuri wake.

Nasi wapenzi wa mashairi tusiwacheke. Ni diwani ngapi tumezifunga kabatini kwa heshima, hali mashairi yake yalitungwa yaghaniwe? Ukurasa usio doa la kahawa wala alama ya kidole hupendeza macho, lakini huenda haujapata msomaji hata mmoja. Nimetafsiri mashairi kwa miaka mingi, na kila nilipoogopa kuyakwaruza, yalibaki kavu mikononi mwangu.

Basi mwenye kimashua cha kale akitunze, akipake mafuta, akifute vumbi. Na siku moja ya upepo mwanana akitie majini, japo mara moja.