Zimwi linalotembea kwenye waya wa taa

Katika sehemu ya tatu ya Stranger Things, Joyce Byers amesimama sebuleni kwake mbele ya ukuta alioupaka herufi zote za alfabeti. Juu ya kila herufi kuna kitaa cha Krismasi. Anamuuliza mwanawe aliyepotea yuko wapi, na vitaa vinamjibu kimoja baada ya kingine: hapahapa. Anauliza afanye nini. Inawaka R, inawaka U, inawaka N. Kimbia. Hapo ndipo ukuta unapoanza kuvimba.

Tamthilia hii ya ndugu wawili, Matt na Ross Duffer, ilitoka Netflix Julai 15, 2016, ikiwa na sehemu 8 katika msimu wa kwanza. Wengi wanachokumbuka ni Demogorgon, zimwi lisilo na uso ambalo kichwa chake kinachanua kama ua lenye meno. Nimeirudia mara kadhaa, kidole kikiwa kwenye kitufe cha kusimamisha picha, na kila nikirudia naona lile zimwi lenyewe halionekani sana. Anayetutisha muda mwingi ni fundi wa taa.

Tuanze na vile vitaa. Viliwaka kwelikweli, palepale seti, mtu akivipandisha na kuvishusha mwanga kutoka nje ya picha. Faida yake iko usoni kwa Winona Ryder, anayeigiza kama Joyce. Kitaa chekundu kikiwaka, wekundu unamgusa shavuni; kikizimika, shavu linarudi gizani wakati uleule, na macho yake yameshahamia kwenye kitaa kinachofuata. Ukitaka kuupaka mwanga huo baadaye kwa kompyuta, itakubidi ujue umbo la pua yake, kidevu chake, hata nywele zilizomwangukia usoni, kwa kila fremu, na sekunde moja ina fremu 24. Inawezekana, ila ni kazi ya kuumiza macho, na mtazamaji huhisi kuna kitu hakijakaa sawa hata asipoweza kukitaja. Kuna jambo jingine: kitaa hakiwaki na kuzimika ghafla, kinapanda taratibu kama mtu anayevuta pumzi. Ndiyo maana tunaamini kuna mtoto upande wa pili. (Nakiri mtazamaji wa kwetu ana kikwazo hapa. Taa ikicheza hatufikirii jini, tunafikiria yuniti za kwenye mita.)

Ukuta unaovimba nao una ukoo wake. Katika A Nightmare on Elm Street ya 1984, muuaji Freddy anajitokeza ukutani juu ya kitanda cha binti aliyelala. Kilichotumika ni kitambaa cha spandeksi kilichovutwa kikakaza, rangi yake ikalinganishwa na ukuta, na mtu akajisukuma kutoka nyuma. Basi. Ndugu Duffer walikulia kwenye filamu za namna hiyo, na hadithi yao wameiweka mwaka 1983. Walipotaka zimwi lao, nia ilikuwa litengenezwe kwa mikono.

Likatengenezwa. Kampuni ya Spectral Motion iliunda vazi zima, Mark Steger akaingia ndani yake, na kile kichwa kikafungwa mota za kukifungua na kukifunga kwa rimoti. Lakini vazi lina mipaka yake. Mtu aliyefunikwa hivyo hawezi kuruka na kumvamia mtu kama chui. Hapo ikaingia Aaron Sims Creative na Demogorgon wa kompyuta, kwa zile picha ambazo zimwi linakwenda kasi au linapenya mahali ambapo mwili wa binadamu haupiti. Mashabiki hupenda kusema msimu wa kwanza haukutegemea kompyuta. Si kweli. Uliitegemea, ila katika vipande vifupi na penye giza.

Penye udhaifu ni mwishoni, darasani, zimwi linapobandikwa ubaoni na Eleven, yule msichana mwenye nguvu za akili. Pale kamera inalitazama kwa muda mrefu, halina pa kujificha, na uzito unapotea. Mimi pale siogopi. Natazama picha ya kompyuta.

Linganisha na chumba cheusi anachoingia Eleven anapomtafuta mtu kwa akili. Ukikitazama unaweza kudhani ni kitambaa cha kijani na miezi ya kazi ya kompyuta. Kumbe ni jukwaa lililozungushiwa mapazia meusi na maji kidogo yakamwagwa sakafuni. Maji yanageuka kioo, msichana anatembea juu ya kivuli chake mwenyewe, na kila hatua ina mlio na viduara vya mawimbi. Wazo hilo ndugu Duffer walikiri kulipata kwenye filamu ya Under the Skin ya 2013. Hata nguvu za Eleven hazina miale wala moshi: mkono mbele, kichwa kimeinama kidogo, damu ya mekapu inachuruzika puani. Sijui athari nyingine ya bei rahisi kuliko hiyo iliyokaa vichwani mwa watu muda mrefu hivi.

Kompyuta inastahili sifa kwenye ule ulimwengu wa chini anakotoka zimwi, kwa vile vipande vinavyoelea hewani kama majivu ya nyasi zilizochomwa. Vinaonekana rahisi. Lakini kipande kimoja kinapita mbele ya uso wa mwigizaji, kingine nyuma ya kisogo chake, na kikiingia kwenye mwanga wa tochi lazima king'ae, kikitoka kififie. Ili kipite nyuma ya kisogo, kisogo lazima kikatwe kutoka kwenye picha, fremu moja moja. Sekunde 10 ni fremu 240. Ukiipenda hewa ile, kuna mtu aliyekaa kwenye kiti akichora mstari kuzunguka nywele mpaka usiku.

Miaka 6 baadaye, msimu wa nne ukiwa na fedha nyingi zaidi, wakamrudia fundi wa mikono. Mwigizaji Jamie Campbell Bower alikaa takriban saa 7 akibandikwa ngozi ya Vecna, zimwi la msimu huo, na kikosi cha Barrie Gower, na kompyuta ikaachiwa mambo kama ile mizizi inayotambaa mwilini.

Na kwetu? Tangu mwongozaji Mussa Banzi atuletee filamu za Nsyuka na Shumileta tumezoea jini la kutokea ghafla: kamera inasimama, mtu anaingia, kamera inaendelea. Ni hila aliyoitumia Georges Méliès mwaka 1896 kumtowesha mwanamke kitini, na haijafa. Kinachokosekana mara nyingi ni mwanga. Jini linatokea chumbani, na taa, pazia na uso wa mwenye nyumba vinabaki vilevile kama hakuna aliyeingia. Basi wewe unayetayarisha tamthilia ya majini mwaka huu, kabla ya kumlipa kijana wa kompyuta, mlipe fundi wa taa usiku mmoja, mfungie balbu tano chumbani, na umwambie azicheze huku mwigizaji akizitazama.