Mabanda ya Bujagali
Wenye kambi za Bujagali, kilomita chache kutoka Jinja nchini Uganda, wanastahili pongezi. Bwawa la umeme la megawati 250 lilipozinduliwa mwaka 2012, maporomoko yaliyowavutia wageni yalikwisha kuzama. Wengine wangefunga virago. Wao walibaki: safari za maboti ya mpira zikahamia chini zaidi, hadi Itanda, na maji yaliyotulia yakawa ya kayaki na matembezi ya jioni.

Na mabanda yenyewe! Mbao, paa la nyasi, chandarua, kibaraza kinachotazama Nile. Asiye na fedha nyingi hupiga hema jirani, na wote hukutana mezani.

Mwaka 2019 bwawa la Isimba, chini zaidi mtoni, likameza mawimbi mengine ya safari hizo. Hata hivyo, waongozaji, wapishi na waezekaji wa eneo hili la Busoga wangali kazini.