Mshono Uliofumuliwa

Katika Athi River, kaunti ya Machakos, liko eneo la viwanda liitwalo EPZ, lililowekwa chini ya sheria ya mwaka 1990 ili bidhaa zake ziuzwe ng'ambo. Nguo nyingi zishonwazo humo huenda Marekani. Mkaguzi akiona mshono uliopotoka huirudisha nguo kwa mshonaji. Uzi hufumuliwa, mshono hupigwa upya, na nguo ikikubaliwa hutiwa katika sanduku pamoja na nyingine, kwa bei ile ile. Mnunuzi haambiwi kwamba suruali hii ilirudishwa.

Alfajiri watu husimama mbele ya malango ya viwanda hivyo wakitafuta kibarua. Si ajabu kumkuta kati yao mwanafunzi wa chuo kikuu anayetafuta karo, au ada ya mtihani wa marudio. Msomaji, ambaye kesho huenda akawa mwanachuo, yampasa kuijua kanuni itakayompima.

Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya alama ya kufaulu ni 40 kwa 100. Aliyeshindwa hurudia mtihani. Lakini hata akipata 75, mara nyingi huandikiwa 40 tu. Mtihani maalumu ni mbali na huo: hupewa aliyezuiwa na ugonjwa, msiba, au udhuru mwingine uliokubaliwa, na alama zake huhesabiwa zote.

Watetezi wa kanuni hii husema kuwa aliyepata miezi zaidi ya kusoma asimpite aliyefaulu mara ya kwanza. Hoja hiyo ina uzito, wala siidharau. Lakini hati ya matokeo yadai kutueleza mtu ajua nini. Na 40 iliyoandikwa juu ya 75 ni adhabu iliyovaa joho la kipimo.

Taabu kubwa zaidi humpata yule aliyekosa mtihani kwa sababu ya deni la karo. Mgonjwa huleta cheti cha daktari. Maskini ataleta cheti cha nani? Akihesabiwa mtoro, hungoja marudio, pengine mwaka mzima, na wenzake wakavaa majoho yeye akiwa bado kwenye cherehani.

Mimi ningetaka alama zote mbili ziandikwe kando kwa kando, kila moja na tarehe yake, mwajiri asome mwenyewe.